Siku Tisini na Tano za Kumsubiri Aristide

Misunkumilo, Mpanda
Jumapili, 19 Januari 2025

Musaza wanje, kaka yangu Aristide,

Mdogo wetu Sixte alifariki Jumanne tarehe 14 Januari, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, wodini Dodoma. Alikuwa na miaka ishirini na saba na miezi minne. Ijumaa tumemzika kijijini Katumba, kushoto kwa kaburi la Baba.

Nimetanguliza hilo kwa sababu nakujua. Zikitangulia salamu utazisoma, utashukuru, halafu barua utaiweka chini ya kitabu. Sasa nakusalimu. Sisi huku tunapumua. Mama anakunywa uji tu, kikombe kimoja asubuhi na nusu jioni. Mume wangu Ladislas ametoka msibani na malaria. Binti yetu Faith amefaulu mtihani wa kidato cha pili na hakuna aliyempongeza, amejipongeza mwenyewe kwa kufua mashuka ya wageni. Mashine ya kusaga nimeifunga siku sita. Tangu niinunue sijawahi kuifunga hata Krismasi. Baba mdogo Leonidas ndiye aliyesimama kaburini mahali ambapo ungesimama wewe. Watu waliuliza uko wapi, nikawaambia theluji imefunga viwanja vya ndege huko Ujerumani. Ni uongo wa kwanza niliousema mbele ya jeneza.

Naandika kwa kalamu kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka. Nilipokutumia ujumbe wa msiba ulijibu maneno mawili, "Mungu wangu". Barua huwezi kuikata kama simu.

Unajua mimi niliishia darasa la saba, hesabu nimefundishwa na nyanya za sokoni Shanwe. Basi nitakuandikia kwa namna hiyo. Tarehe 22 Agosti Sixte alianza kutokwa damu puani na haikukatika mpaka kesho yake. Tarehe 30 tulikuwa Dodoma, wakamtoboa mfupa wa nyonga wakavuta uboho, wakasema umekauka, hautengenezi damu tena. Chembe za kugandisha damu zilikuwa elfu sita. Mtu mzima anatakiwa awe nazo kuanzia laki moja na nusu. Tarehe 3 Septemba daktari akatuita, akasema njia ziko mbili. Ya kwanza ni kupandikiziwa uboho wa ndugu wa baba mmoja mama mmoja, na kila ndugu ana bahati moja katika nne ya kulingana. Ya pili ni dawa, ambayo huchukua siku tisini mpaka mia na ishirini kabla uboho haujaanza kuamka. Akasema kama ndugu yupo na anapima haraka, tumsubiri. Kama hayupo, dawa ianze wiki hiyohiyo.

Mimi walinipima, sikulingana. Ukabaki wewe. Tarehe 5 Septemba ulisema kwenye simu, nimeweka spika, Sixte anasikia: "Nitapima, dada. Huku ni pamba ya kufuta shavuni tu, dakika tano." Sixte akacheka na midomo yake iliyochanika, akasema, "Kaka kanichukulia fuko kumi na mmoja wa utafiti wake, leo namdai mate tu."

Tukasubiri. Oktoba ukasema sampuli imechelewa. Novemba hukupokea simu. Tarehe 9 Desemba nikamwambia daktari aanze dawa. Kutoka 5 Septemba mpaka 9 Desemba ni siku tisini na tano. Dawa yenyewe ilipata siku thelathini na sita, homa ikaingia kifuani, na mwili haukuwa na askari wa kuizuia. Aliongezewa chupa thelathini na moja za damu. Majina ya waliotoa ninayo yote, na lako halimo.

Nataka kujua ile pamba ilikwenda wapi.

Dada yako,
Médiatrice


Ujerumani, 23 Februari 2025

Dada yangu mpendwa Médiatrice,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea tarehe 11 mwezi huu. Mwambie shemeji Ladislas pole ya malaria, na Faith mwambie mjomba wake amempongeza kwa sauti, peke yake, jikoni. Huku baridi imeshuka nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Mwili ni mzima. Unga wa mahindi sikuupata, nasonga wa ngano.

Uliponitumia ujumbe ule nilikuwa chumba cha wanyama, nimevaa glavu. Niliusoma, nikaendelea kuwapima fuko uzito, mmoja baada ya mwingine, hadi wa mwisho. Kitabu kina uzito wa fuko thelathini na nane wa siku hiyo kwa mwandiko wangu, na sikumbuki hata mmoja.

Dada, naomba nikueleze ninachokifanya huku, maana sijawahi kukueleza vizuri. Panya wa darini akifika miaka mitatu ni kikongwe. Fuko ni wa ukoo wa panya vilevile, lakini mzee wetu humu ni jike mwenye miaka ishirini na miwili, na damu yake ukiiweka kwenye darubini ni damu ya kigoli. Siri moja iko kwenye uboho. Mle ndani kuna seli chache mno, tunaziita seli shina, ndizo zinazoizaa damu yote. Ni kama mbegu ya akiba ambayo Mama haigusi hata njaa ikiingia. Kila seli shina inapogawanyika inachoka kidogo, na ikichoka inaanza kukosea. Kwa panya zinaamshwa kila mara. Kwa fuko nyingi zimelala, zinaamka kwa zamu, miaka inapita hazijaisha. Kwa Sixte, walinzi wa mwili wake wenyewe walizigeukia zile mbegu wakaziua, akiwa na miaka ishirini na sita.

Fuko wangu wa kwanza alinikamatia yeye, unakumbuka, kwenye muhogo wa Katumba. Anatoboa njia ya fuko, anakaa juu yake na jembe, kimya, saa nzima au mbili. Alikuwa ananiambia, "Kaka, fuko hawezi kulala mlango ukiwa wazi. Atakuja kuuziba." Akija tu, jembe linashuka nyuma yake, njia ya kurudi imefungwa. Mimi nilikuwa nakohoa, ananifukuza shambani. Shahada yangu ameikalia yeye juani.

Kuhusu pamba. Tarehe 7 Septemba Mama alinipigia kwa simu ya jirani, siyo ya kwako. Alikuwa analia. Alisema amesikia nitatolewa uti wa mgongo, nitapooza, na yeye hawezi kuwa na wana wawili kitandani. Aliniapisha kwa jina la Baba nisipimwe. Nilipaswa kukwambia siku ileile, sikukwambia. Nisamehe, dada.

Mdogo wako,
Aristide


Misunkumilo, 22 Machi 2025

Aristide,

Salamu zako nimezifikisha. Mvua imeshiba mwaka huu, mahindi yamesimama vizuri. Mama sasa anakula ugali, ila anakula amegeukia ukuta. Shamba la muhogo la Sixte fuko wamelivamia. Nimehesabu vilima arobaini na viwili vya udongo mpya. Ladislas alijaribu kukaa na jembe, akapiga chafya, fuko hakutokea. Jirani Libérate akamtania: "Shemeji, wewe umekwenda kuwinda au kubembeleza?" Tulicheka, ikawa mara ya kwanza tangu Januari.

Barua yako ni nzuri. Nimeisoma mara nne. Ukurasa mzima wa fuko na mistari sita ya pamba.

Sasa sikiliza. Neno uboho umetufundisha wewe. Pasaka ya 2019, hapa kwangu, ulichukua mfupa wa mguu wa mbuzi ukaupasua kwa kisu, ukaugonga kwenye sahani mbele ya Mama. Ukasema, "Mama, huu ni uboho. Damu inazaliwa humu. Uti wa mgongo ni kitu kingine, ule ni waya wa kupeleka habari, huu ni shamba." Mama akauchovya ugali, akala, akasema, "Kumbe nimekula shamba." Sisi sote tulicheka na Sixte alirudia maneno hayo mwaka mzima.

Mama hakukosea hilo neno, Aristide. Na hata angekosea, wewe unashika uboho wa fuko kila siku iendayo kwa Mungu. Ungemsahihisha kwa dakika moja. Ulichagua kutomsahihisha.

Nilimwuliza Mama Jumamosi iliyopita: "Ulimwambia Aristide habari ya uti wa mgongo?" Akasema, "Niache nisonge ugali." Nikamwambia, "Mama, maji hayajachemka." Akasema, "Basi niache nisubiri maji."

Nyie wawili mna kitu. Sijui ni nini na sitakisia, mimi kisichopimwa sikinunui. Nakuuliza mawili tu. Ulipima au hukupima? Kama ulipima, majibu yalitoka tarehe gani?

Usiniandikie fuko.

Médiatrice


Ujerumani, 4 Mei 2025

Dada yangu,

Salamu kwa wote. Mama mshikie mikono kwa niaba yangu, ile mikono yake baridi ya asubuhi. Mimi naendelea vizuri. Nimeacha chumba nilichokuwa nakaa, nimehamia chumba kidogo karibu na maabara, anwani ni hiyo mpya nyuma ya bahasha.

Nilipima. Nilivumilia kiapo cha Mama wiki tano, nikashindwa. Tarehe 14 Oktoba nilifuta shavu, majibu yakatoka tarehe 29 Oktoba. Hayakulingana. Zinapimwa sehemu kumi. Hakuna hata moja tuliyolingana na Sixte.

Sikukwambia kwa sababu ungeniuliza swali la pili, na la pili lingezaa la tatu. Nilijidanganya kwamba nitapata namna ya kusema ambayo haitamuumiza mtu. Nilikuwa naipanga kila asubuhi. Ilipofika Desemba nikasikia mmeanza dawa, nikashukuru kama mtu aliyetuliwa mzigo ambao ni wake.

Ulinikataza fuko, lakini hili nalisema kwa sababu sina lugha nyingine ya kulisemea. Wiki hii jike mmoja alikufa akiacha mtoto wa siku tatu. Ukimtia fuko mkubwa kwenye familia ya wengine wanamuua, kwa sababu ananuka ugeni. Mtoto mchanga ni tofauti. Tulimpaka udongo wa choo cha familia nyingine, tukamlaza mlangoni kwao. Jike wa pale alimnusa, akamvuta kifuani pamoja na wa kwake. Mwenzangu aliniuliza kama yule mtoto akikua atajua. Nilimwambia fuko hawana namna ya kujua.

Dada, sisi tunayo.

Aristide


Misunkumilo, 13 Julai 2025

Musaza wanje Aristide,

Tunakusalimu. Mavuno yamekwisha, magunia ya mahindi ni hamsini na mawili, ya mwaka jana yalikuwa sitini na moja. Faith amekuzidi urefu sasa. Mama anaamka kabla ya jogoo kama zamani. Nimechelewa kujibu wiki saba, na hizi wiki saba sikukaa bure.

Barua yako nilipoimaliza nilikwenda kwenye sanduku la bati la Mama, lile la vyeti vya uraia. Nilitoa kadi. Ya Baba ya upasuaji wa 2016: kundi la damu O. Ya Mama, alipojaribu kumtolea Sixte wakamkatalia umri: O. Yangu O. Ya Sixte O. Halafu ya kwako ya sekondari, siku mlipotoa damu shuleni mkapewa soda na biskuti: B.

Nikazipeleka kwa Maiko, yule mpimaji wa zahanati, mteja wangu wa unga. Nikazipanga mezani kwake kama karata. Akazitazama, akaniambia, "Dada Médi, O na O hawazai B. Hata wazae kumi na wawili."

Nikasema, "Labda wamekosea kuandika."

"Kadi moja wanaweza kukosea. Lakini kwenye kioo O haigandi na B inaganda, kuzichanganya ni vigumu." Akanirudishia kadi, akasema, "Unga wangu kilo kumi, nakuja kesho." Ni mtu mzuri. Hakuuliza.

Nikamfuata Mama. Alikuwa anachambua maharage ugani. Niliweka kadi yako juu ya ungo. Hasomi, lakini aliiangalia muda mrefu. Akaanza kusema huku anachambua, hakuinua kichwa hata mara moja. Nakuandikia alivyosema.

"Mwezi wa tano mwaka tisini na nne nilizaa mtoto amekufa. Siku ya nne wakapita wageni wanaokimbia vita, wanatoka mpakani. Mwanamke mmoja akafia kwenye banda la kanisa, ameacha mtoto wa siku mbili. Mimi maziwa yamejaa mpaka nashindwa kuinua mkono. Baba yako akaja naye, amemfunga kwenye shati. Akasema, 'Huyu ndiye uliyemzaa.' Nikawa nimemzaa. Wewe ulikuwa na miaka minne, uliambiwa mtoto amepona, ukafurahi."

Nikamwuliza, "Na uti wa mgongo?"

"Uboho naujua. Nilitafuta neno la kumtisha, nikapata hilo. Nilijua wakimpima watamwambia. Nikawaza, Sixte ana dawa, daktari amesema kuna dawa. Aristide hana dawa ya jambo hili."

"Mama, dawa ilikuwa inamsubiri Aristide. Daktari alituita wote."

Hapo mikono ikasimama. Akasema, "Daktari alisema Kiswahili cha haraka. Nilisikia kuna dawa. Sikusikia kwamba inasubiri."

Akaendelea kuchambua. Mawe aliyaweka kwenye maharage na maharage akayatupa. Nilimwacha, nikayaokota baadaye.

Umwana si uw'umwe, Mama alikuwa anatuambia tukigombania kitoweo, mtoto si wa mtu mmoja. Nadhani tangu majibu yale ulishaelewa anachosema, kabla yangu.

Sasa nisikilize vizuri, maana sitaandika tena. Sikuulizi wewe ni nani. Nimekubeba mgongoni kutoka kisimani, jino lako la kwanza limeng'oka mkononi mwangu, hilo halina mjadala na asilifungue mtu. Wala simdai Mama. Ana miaka sabini na mmoja, ameshahukumiwa na yale maharage.

Nadai siku. Zilikuwa tisini na tano. Kuanzia 29 Oktoba majibu yalipotoka mpaka 9 Desemba ni arobaini na moja. Hizo ni zako, umezikiri mwenyewe. Ungetuma neno moja, "sikulingani", bila sababu, bila swali la pili wala la tatu, tungeanza dawa siku hiyohiyo. Nimezilia, na nitafika mahali nitazisamehe, kwa sababu naona ulikuwa umepigwa na jambo kubwa na mtu aliyepigwa hukaa chini.

Zimebaki hamsini na nne, za kutoka 5 Septemba mpaka 29 Oktoba. Hizo sijui ni za nani. Kadi ya Baba ya 2016 uliipeleka wewe chumba cha upasuaji, mimi nilikuwa Shanwe. Ulikuwa mwaka wa pili chuoni, unasoma mambo haya haya ya damu na kurithi. Ya kwako ulikuwa unaijua. Inawezekana uliziona mbili ukaunganisha palepale. Inawezekana pia hukuunganisha, mtu na baba yake mgonjwa haangalii herufi. Nimejaribu kukusomea pande zote mbili na kila siku naamka na jibu tofauti.

Kama hukujua, basi uliposema "nitapima" ulimaanisha, ukaingiliwa na Mama, na msiba huu umetupata sote bila mtu kuulenga. Kama ulijua, basi Sixte alicheka na midomo imechanika kwa ahadi ambayo aliyeitoa alishajua haina kitu ndani, na mimi nikamzuia daktari kwa mkono wangu siku hamsini na nne.

Kuganduka ni Jumamosi tarehe 16 Agosti, Katumba. Tutanyoa, tutamaliza msiba, watu warudi kazini kwao bila deni la machozi. Unajua ilivyo kwetu. Baba mdogo Leonidas atauliza mara tatu kama yupo mwenye neno juu ya kifo hiki. Akishauliza ya tatu, neno lililobaki tumboni linabaki humo mpaka mtu anakufa nalo. Mimi nitakuwa nimesimama mbele yao. Nitasema, au nitanyamaza na kunyamaza huko kuwe kwa haki. Vyote viwili naweza. Nisichoweza ni kusimama pale sijui.

Barua hii inakwenda kwa njia ya haraka, posta wameniahidi siku kumi. Ukiipata, usiandike kurasa. Piga, au tuma ujumbe wa neno moja. Nitaisubiri mpaka Ijumaa tarehe 15 Agosti, saa kumi na mbili jioni kwa saa ya Mpanda, halafu nitazima simu nilale.

Tarehe 5 Septemba, uliposema "nitapima, dada", ulikuwa unajua au hukuwa unajua?

Médiatrice